Ufa Chini ya Nyumba ya Mama Owor

Kwenye mazishi ya Owor mwezi uliopita waliniita mbele niseme neno, kwa kuwa mimi ndiye pekee niliyebaki kati ya waliofanya kazi naye ujanani. Nikasema alikuwa mchapakazi, hakuchelewa kazini, na sikumjua mtu mwingine aliyeweza kuchonga penseli kama yeye. Wajukuu zake wakacheka kidogo kwa ajili ya penseli, mchungaji akanipokea kipaza sauti kwa upole, nami nikarudi kwenye kiti changu cha plastiki chini ya turubai. Yote niliyosema yalikuwa kweli, ila yalikuwa maneno ambayo mtu anaweza kumpa marehemu yeyote. Tangu nirudi nyumbani Busia nimekuwa nikibishana na nafsi yangu, na mzee akianza kubishana na nafsi yake dawa ni kuandika. Habari za baba na mama yangu, na jinsi binti wa Kisamia alivyofikia jiometri wakati wenzake walikuwa wanaolewa, nitaziruka. Ni ndefu na hazina la ajabu. Nianze na chumba.

Chumba kilikuwa Tororo, nyuma ya duka la vitambaa, katikati ya miaka ya sitini, wakati bendera zetu zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, zilikuwa bado hazijapauka. Mpaka siku zile ulikuwa jina tu. Nilitoka Busia Jumatatu asubuhi kwa basi na hakuna aliyeniuliza naenda wapi wala nimebeba nini. Barazani mwa duka mafundi waliendesha cherehani mchana kutwa, kule stesheni treni ziligonganisha mabehewa, na tukisahau kufunga dirisha vumbi jeupe la saruji lilitua juu ya meza. Meza yenyewe ilikuwa ya kioo, na taa ilifungwa chini yake, kwa hiyo ukiweka karatasi juu yake mistari yote ilijitokeza. Saa nne lililetwa birika la chai ya maziwa na sambusa zilizofungwa kwenye gazeti, na ilikuwa marufuku kula karibu na kioo. Mkuu wetu, Bwana Pinto, Mgoa mwembamba aliyesomea mambo ya miamba, angeweza kukusamehe kwa hesabu mbovu lakini si kwa alama ya mafuta. Mpaka leo mtu akiweka kikombe juu ya karatasi nyumbani kwangu mkono wangu unaruka wenyewe.

Watu wakiniuliza tulikuwa tunafanya nini, huwa nawaambia tulikuwa tunagonga ardhi na kusikiliza inajibu nini, kama mama anavyogonga chungu sokoni kabla ya kukinunua. Serikali ilitaka bwawa la kuwapa watu maji, na yalichaguliwa mabonde mawili, moja huko Mwello na la pili kusini yake. Wahandisi hawakutaka kujenga ukuta kabla ya kujua chini kuna nini. Basi kikosi cha uwanjani kilichimba mashimo mafupi, kikatia baruti kidogo, kikapanga ardhini safu ya vyombo vidogo ambavyo vijana waliviita masikio, kisha kikalipua. Mlio ulishuka, ukagonga tabaka moja baada ya jingine, ukarudi juu, na mtambo ndani ya lori ukachora mtikisiko wa kila sikio kwenye karatasi ya picha. Karatasi zilitufikia zikinuka dawa, zimejaa mistari inayotetemeka. Kazi yetu ilikuwa kutafuta kilele kimoja kinachotembea kutoka mstari hadi mstari na kukipaka rangi: njano kwa udongo wa mfinyanzi, kijani kwa mchanga, nyekundu kwa mwamba. Rangi zikienda sawa, tabaka ni zima. Zikikatika na kuendelea chini zaidi, kama ngazi, huo ni ufa, na juu ya ufa hakuna mhandisi anayejenga ukuta wa bwawa, maana maji yatapita hapo hapo. Vijana wa kikosi walikuwa na utani wao kuhusu hilo. Walisema wengine wasipoziba ufa hujenga ukuta, ila sisi tukipata ufa hatujengi kitu.

Tulikuwa wasomaji wawili, Owor na mimi, na Bwana Pinto alikuwa na sheria moja aliyoishika kama amri ya kanisa. Kila mmoja alisoma karatasi zilezile peke yake, kwenye kijichumba chake kando ya chumba chenye kioo, na kuchora juu ya karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Siku ikifika michoro miwili ilipandanishwa juu ya kioo, taa ikawashwa, na palipotofautiana ndipo kazi ilipoanza. Kabla ya hapo tuliweza kuzungumza kwenye chai habari za mpira, harusi, bei ya sukari, chochote isipokuwa karatasi. Sheria ya pili ilikuwa ya duara. Mistari ya baruti ilikatana bondeni, kwa hiyo uliweza kufuata nyekundu kutoka kona moja, ukazunguka bonde lote, na kurudi pale ulipoanzia, na ilibidi ukute nyekundu mahali ulipoiacha. Usipoikuta, umepotea njiani. Hapo ndipo palipokuwa na mtego wa kazi yetu, ambao sidhani watu wa kazi nyingine wanaujua: msomaji aliyechoka hutafuta sehemu yenye karatasi chafu, akachora ufa, na kosa lake lote likaingia humo. Duara linafunga vizuri kabisa. Bwana Pinto alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha Kampala, "Ufa ni shimo ya watu mvivu. Mimi nataka ona ufa, lakini nataka ona kwa sababu yeye iko."

Owor alikuwa mtu wa Mwello, Mudhopadhola, mrefu, mwenye kucheka kwa pua. Kwao kulikuwa katika lile bonde la kwanza, na si kando yake. Nyumba ya mama yake ilisimama pale hasa ambapo ukuta ulitakiwa kupita. Owor na mimi tulilijua hilo na hakuna aliyelisema. Jumamosi nyingi nilikwenda naye huko kabla ya kushuka Busia, maana mama yake alinipenda, nami nilipenda kula. Mama Owor alipika ugali wa wimbi, mweusi, uliokaza, na samaki mkavu ndani ya karanga zilizosagwa, na alikasirika ukiacha hata tonge moja. "Wewe nakula kama ndege," alikuwa akiniambia, na kuongeza. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na bati, ndani baridi hata saa sita mchana, ukuta umepakwa majivu na samadi mpaka ukawa laini kama ubao. Baba yake Owor alizikwa mbele ya nyumba, upande wa kulia unapotoka. Niseme wazi, kwa kuwa sasa haimdhuru mtu: nilimpenda Owor, na nilikuwa nikiihesabu nyumba ile kuwa kitu kitakachokuwa changu siku moja.

Mwezi wa sita nilifika kwenye karatasi za mahali pale, na nikakuta ngazi. Nyekundu ilikuja vizuri kutoka kaskazini, ikafika penye boma la Mama Owor, ikaanguka, ikaendelea chini. Kijani vilevile. Kwanza nilifurahi, sitasema uongo, nilifurahi mpaka nikasimama. Ufa! Bwawa litakwenda kwingine, mama atabaki kwake. Kisha nikatazama njano. Nayo ilikuwa imeanguka, kiasi kilekile hasa, na hapo furaha ikanitoka. Mwamba ule ulipasuka, kama ulipasuka, kabla mtu yeyote hajazaliwa duniani. Mfinyanzi ule uliletwa na kijito kama juzi tu. Kitu cha kale hakiwezi kuvunja cha juzi kwa kipimo kilekile bila kuzidi wala kupungua. Nikauliza kwenye kikosi, nikaambiwa kwamba walifika penye boma lile wakitoka kusini, mwishoni mwa kiangazi, mvua ikaanza, lori likakwama, wakaondoka na kurudi udongo ukiwa umelowa. Udongo mkavu unachelewesha mlio. Uliolowa unaupitisha upesi. Walitakiwa kupima tena ardhi ya juu, na hawakupima. Nikafunga mlango, nikachukua mchoro wa upande mmoja, nikausogeza juu kidogo, upana wa kidole. Rangi zote tatu zikaungana mara moja. Nikausogeza chini tena, kwa sababu sikutaka kuuona.

Nilikaa na mchoro ule wiki nzima nikiwa nimeacha pengo mahali pa nyumba. Ijumaa, tukiwa tunanawa mikono kwenye bomba la nje, Owor alivunja sheria.

"Nafula, we naona nini pale kwetu?"

"Naona ngazi."

"Ngazi ni ufa. Chora ufa."

"Ngazi hiyo iko mpaka kwenye njano, Owor."

"Najua. Mimi niliona mbele yako." Alikuwa anajikausha mkono kwa leso, kidole baada ya kidole. "Lakini mama yangu iko pale. Baba yangu iko pale, chini. We chora mistari mbili tu, mimi nachora mbili, Pinto ataona ziko sawa. Watu ya injinia watakwenda bonde ile ingine."

"Bonde lile lingine ni mchanga mtupu. Umeusoma mwenyewe. Ukuta ukikaa juu ya mchanga, na watu wanaishi chini yake—"

"Watachimba zaidi. Serikali iko na mashine." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nimekwisha ambia mama kwamba ufa iko. Wiki sasa. Nilitaka asihangaike."

Sikumjibu. Nilimwambia tutaonana kesho, kama kawaida.

Jumamosi hiyo tulipofika nilikuta kitanda cha Mama Owor kimewekwa chini ya kibanda cha kuwekea kuni, na mkeka juu yake. Kuku walikuwa wamehamishiwa upande wa pili wa uwanja. Nilipoelekea mlangoni, kama nilivyozoea, mama alinishika mkono. "Kaa hapa, mwanangu. Ndani hapana." Nilidhani kuna nyoka, au mchwa. Owor alikwenda kisimani, nami nikabaki nikichambua mboga za kunde, na nyuma ya jiko mama alikuwa na jirani yake, wakizungumza Kidhopadhola. Mtu wa Busia haishi na Wajaluo bila kuokota maneno, na Kidhopadhola hakiko mbali na Kijaluo. Nilisikia zaidi ya nusu. Jirani alikuwa anamweleza kwamba ardhi iliyopasuka haitoi taarifa, kwamba kuna ng'ombe wa mtu fulani aliyemezwa akiwa amefungwa, kamba ikabaki. Mama Owor akasema hapati usingizi, kwamba kila treni ikipita mbali anadhani ni chini yake. Akasema anakwenda dukani kwa njia ndefu ili asipite mbele ya nyumba. Kisha jirani akauliza, bila ubaya wowote, "Na mzee wako je? Unajuaje bado yuko pale ulipomweka?" Sikusikia jibu. Nilichosikia ni mama akilia, kilio cha mtu asiyetaka kusikika, na majani ya kunde yakanidondoka mkononi.

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile na nimewasikia wahubiri wengi wakiusifu ukweli. Sijawahi kuambiwa na yeyote kwamba uongo wa upendo unaweza kumfukuza mtu nyumbani kwake kabla ya maji kufika. Owor alitaka kumwachia mama yake ardhi, na alikuwa amempa ardhi ambayo mama hawezi hata kuikanyaga. Yeye hakuliona hilo kwa sababu hakuogopa. Alijua ufa wenyewe ni wa penseli. Mimi nami nisingeliona kama jirani yule hangekuja siku ile kuazima kisu.

Tulikula nje. Ugali ulikuwa vilevile, samaki vilevile, lakini mama hakuniambia nile zaidi. Alipomaliza kunawa alinigeukia, akaniangalia machoni, akasema kwa Kiswahili ili mwanawe asipate kunitafsiria. "Wewe nasoma karatasi pamoja na Owor. Nambie. Chini ya nyumba yangu iko nini?"

Owor aliinua kichwa. Ninakiri kwamba nilichofikiria kwanza si ukuta wala watu wa bonde lile lingine. Nilifikiria kwamba nikijibu, hatanioa.

"Juu kuna udongo wa mfinyanzi, Mama," nikasema. "Chini yake kuna mchanga kidogo. Chini ya mchanga kuna jiwe."

"Jiwe imepasuka?"

"Halikupasuka. Ni jiwe zima, kutoka kilima hiki mpaka kile."

"Na mzee yangu?"

"Yuko pale ulipomweka."

Alifunga macho. Alipoyafungua alikuwa mtu mwingine, yule niliyemzoea, mwenye kutaka hesabu ya kila kitu. "Kama jiwe iko zima, hawa watu watajenga ukuta yao hapa."

"Watajenga, Mama."

"Na maji itafunika."

"Yatafunika."

Akamgeukia Owor, akasema naye kwa lugha yao, pole pole, bila kupandisha sauti. Alimuuliza kama alitaka akae hapo akiogopa mpaka afe. Mtu mzima yule, mwenye mshahara na baiskeli, aliinamisha kichwa kama mtoto wa shule, na machozi yakaingia kwenye bakuli lake la samaki. Mama hakumbembeleza. Alisimama, akakung'uta vazi lake la gomesi, akaniambia, "Shika huko," na mimi nikashika miguu ya kitanda na yeye kichwa, tukakirudisha ndani ya nyumba.

Owor hakunisindikiza kwenye basi. Jumatatu alikuja kazini kama kawaida, akajifungia, na tulipoitwa kwenye kioo alikuwa wa kwanza kuweka mchoro wake. Nyekundu ilipita chini ya nyumba ya mama yake moja kwa moja, imesahihishwa upana wa kidole, na mstari ulikuwa msafi kuliko wowote aliowahi kuchora. Wangu, ambao nilikuwa nimeziba pengo lake asubuhi ile, uliwekwa juu yake. Bwana Pinto akawasha taa, akatazama muda mrefu. Hata mimi niliona tatizo: wasomaji wawili hawawezi kufanana kiasi kile.

"Nyinyi nasema pamoja," akasema.

"Ndiyo, bwana," Owor akajibu. "Mimi ndiye nilianza. Nilitaka achore ufa. Yeye alikataa."

Sikuwa nimekataa; nilikuwa nimenyamaza, na tofauti yake ilinichoma, lakini Owor hakunipa nafasi ya kusema. Alieleza yote, nyumba, baba, bonde la mchanga. Nilijua tutafukuzwa sote. Bwana Pinto alivua miwani, akaifuta kwa shati, na jinsi alivyokuwa mtu wa sheria nilishangaa sauti yake ilivyokuwa laini. "Mtu hapana soma karatasi ya kwao," akasema. "Wewe ulipaswa kuambia mimi siku ya kwanza. Na mimi nilipaswa kuuliza." Alizichukua karatasi zote za lile bonde, akafungua sanduku lake la rangi, akazisoma upya mwenyewe tangu mwanzo. Alifika pale pale. Taarifa iliyokwenda kwa wahandisi ilikuwa na jina lake tu.

Kati yangu na Owor hapakuwa na ugomvi. Tulisalimiana, tulipokezana penseli, tulikunywa chai. Ila hakuniita tena Mwello, na kabla ya mwaka kwisha nilipata kazi Kisumu, akapata mchumba huko kwao, mwanamke mwema. Ndiye niliyempa pole mwezi uliopita. Watu hunitazamia niseme kwamba ukweli ulinilipa. Haukunilipa. Nililia sana mwaka ule, na sijutii, na mambo yote mawili yamekaa pamoja ndani yangu bila kusumbuana.

Siku ya kuhama kwao nilikwenda bila kualikwa. Mavuno yalikuwa yamekwisha. Wazee wa ukoo walikuwa wamechinja mbuzi siku iliyotangulia na kuchota udongo wa kaburi kwenye chungu kipya, wakakifunika kwa jani la mgomba. Bati zilikuwa zimeng'olewa na kupakiwa, kuku wamefungwa miguu, kitanda kimesimamishwa nyuma ya lori. Owor aliniona, akaja, akasimama kando yangu, na ndipo aliposema nami maneno ya kwanza yasiyokuwa ya kazi. "Amelala ndani kila siku mpaka leo," akasema. "Anakoroma, Nafula. Jirani analalamika." Alijaribu kucheka kwa pua na haikutoka vizuri. Mama alikuwa wa mwisho kuondoka uwanjani. Dereva alipiga honi, Owor akaenda kumnyooshea mkono, na yeye akamwambia angoje. Alisimama mbele ya mlango wa nyumba isiyo na paa, akakusanya gomesi lake mpaka gotini, akainua mguu, akapiga kisigino chini kwa nguvu zake zote, kisha akapiga tena.

"Iko zima," akatuambia, akampa mwanawe mkono, akapanda lori.